Mama Mkwe Habebwi

Kazini walimwita Taratibu, kwa sababu neno hilo lilikuwa halimkauki mdomoni. Kazi yake ilikuwa kuhamisha watu. Mtu akipata nyumba mpya, yeye na mwenzake ndio walioshusha makabati, vitanda na majokofu kutoka ghorofani hadi kwenye lori, na kwenye kila kona ya ngazi sauti yake ilisikika: "Taratibu, kona hiyo. Taratibu." Alikuwa na mabega mapana kama mlango, na mikono iliyojua kukamata kitu kizito bila kukikwaruza. Wenye mali walimwachia vioo vyao wakaenda kunywa chai.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemfanya asijue pa kuiweka mikono hiyo, naye ni mama mkwe wake.

Mama huyo alikuwa mjane, mshonaji wa sare za shule, mwembamba na mnyoofu kama sindano. Hakuwahi kumkataa Taratibu, wala hakuwahi kumkubali. Siku ya posa alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akasema "Haya," akarudi kwenye cherehani yake. Tangu hapo walizungumza kupitia kwa binti. Wakiwa watatu sebuleni, mama angesema, "Mwambie mume wako chai inapoa," naye angejibu, "Mwambie mama nashukuru," na binti katikati kama mkalimani, ilhali hakuna kiziwi kati yao. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, ila ilikuwa imezidishwa chumvi.

Kikohozi cha mama kilianza kama mzaha. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, sare zimemrundikia, na kila alipoambiwa apumzike alisema atapumzika wanafunzi wakishavaa. Asubuhi moja binti yake alimpigia simu, akamsikia akivuta pumzi baina ya kila neno na neno, kama mtu anayezungumza huku akipanda mlima. Walimkuta ameketi kitandani, midomo imebadilika rangi. Hospitalini walimpiga picha ya kifua, wakasema ni nimonia, na kwamba imeshika mapafu yote mawili. Akalazwa, akawekewa mpira wa oksijeni puani.

Binti alikuwa amejifungua majuzi tu. Muuguzi mkuu alimsimamisha mlangoni na kichanga chake kifuani, akamwambia kwa upole kwamba wodi ya wagonjwa wa kifua si mahali pa mtoto mchanga, wala pa mama anayemnyonyesha. Kaka yake alikuwa kazini mbali, na alichoweza kufanya ni kupiga simu na kulia. Akabaki mkwe.

Basi Taratibu akawa anafanya kazi asubuhi, na saa ya kuona wagonjwa ikifika yuko wodini, nguo bado zina vumbi la ngazi za watu. Aliketi kwenye kigoda cha plastiki, uso ameuelekeza dirishani ili asimtazame mkwewe akiwa kitandani na gauni la hospitali. Muuguzi aliyekuwa zamu, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha jirani, alimuuliza kama amekuja kuona mgonjwa au kuona magari yanavyoegeshwa.

Siku za mwanzo hofu yake ilikuwa moja tu, pumzi. Alisikiliza maji yakichemka polepole kwenye chupa ya oksijeni, na yakibadilisha mlio moyo wake ulibadilisha mwendo. Kisha homa ikashuka. Mpira ukaondolewa puani. Daktari akasema mapafu yanasafika vizuri, na kwamba mambo yakienda hivyo mama atarudi nyumbani baada ya siku chache. Taratibu alimpigia mkewe simu, na mkewe akapiga kigelegele mpaka mtoto akaamka.

Wote wakashusha pumzi. Yeye hakuweza, kwa kuwa alikuwa ameanza kuona mambo.

Aliona mama akila uji. Vijiko viwili, kisha kijiko kinalazwa kwenye bakuli kana kwamba kimechongwa kwa jiwe. Alimwona akichana nywele upande mmoja, akaweka kitana kifuani, akasinzia upande wa pili haujaguswa. Mwanamke huyu huyu aliyekuwa akikanyaga cherehani tangu alfajiri! Na akienda msalani, wakati anadhani hakuna anayemtazama, kiganja chake kilitafuta ukuta, kikatoka ukutani kikashika chuma cha kitanda, kikatoka hapo kikashika kitanda cha mwingine, kama anayevuka mto kwa kurukia mawe. Wauguzi wakimuuliza anajisikiaje, jibu lilikuwa tayari: "Mzima mimi. Nataka kwenda kwangu."

Taratibu alijiambia kwamba yeye si daktari. Na hata angetaka kusema, angesema nini, na kwa nani? Mkalimani wao alikuwa nyumbani ananyonyesha.

Kwa kweli mkalimani mpya alikwishapatikana. Kitanda cha jirani kilikuwa na bibi mmoja mwenye pumu, mchangamfu, ambaye aliushika wadhifa huo bila kuombwa. Mchana mmoja mama alimgeukia bibi huyo akasema, "Mwambie huyo baba maji ya moto yameisha." Bibi akafikisha ujumbe. Taratibu akachukua chupa ya chai, akaenda kuijaza.

Aliporudi, alimkuta mama mkwe wake amesimama katikati ya wodi, baina ya kitanda na mlango wa msalani, mahali ambapo hapakuwa na ukuta wala chuma cha kushika. Alikuwa amepanua miguu. Kiwiliwili kilikuwa kinakwenda mbele kidogo, kinarudi nyuma kidogo, kama kabati lililosimamishwa kwenye sakafu isiyo sawa. Taratibu aliijua yumba ile. Kabati likiyumba hivyo mtu hapigi kelele, anakwenda kulizuia kwa kifua. Zilihitajika hatua mbili. Alipiga moja.

Kisha akasita. Mikono ilikwishanyooka, lakini ikabaki hewani, kwa sababu huyu hakuwa kabati. Huyu alikuwa mama mkwe, kichwa wazi, gauni limefungwa kwa kamba mgongoni, na hajawahi hata kumpa mkono. Macho yao yakakutana. Mama hakumwita. Goti lake likalegea, akaenda upande, na paji la uso likagonga ukingo wa kikabati cha dawa.

Chupa ikamponyoka Taratibu. Mtu ambaye hakuwahi kuangusha hata kikombe cha mteja alisimama akitazama maji ya moto yakitambaa sakafuni kuelekea miguuni mwa mkwewe, ndipo akapata akili ya kupiga magoti na kuyazuia kwa shati lake.

Muuguzi alifika mbio, akamkataza asimnyanyue. Daktari akaja, akammulika mama machoni, akamuuliza leo ni siku gani, akambonyeza shingo. Uvimbe ulikuwa unapanda juu ya nyusi. Alisema mifupa haina neno, ila atatazamwa kwa karibu hadi kesho. Akauliza imekuwaje.

"Nimeteleza," mama akasema. "Sakafu ilikuwa na maji."

Na kweli sakafu ilikuwa na maji. Nani angebisha?

Walipomrudisha kitandani na wengine wakatawanyika, mama aligeuza kichwa. Hakumtafuta bibi wa jirani.

"Baba," alisema.

Taratibu alitazama nyuma kuona ni baba yupi anayeitwa.

"Nasema na wewe. Mwanangu usimwambie. Na hawa usiwaambie kitu. Wameshasema natoka, basi waniache nitoke."

Ndiyo mara ya kwanza kumwambia neno moja kwa moja, na neno lenyewe lilikuwa siri. Taratibu aliitikia kwa kichwa. Angefanya nini? Mama akavuta shuka mpaka kidevuni.

Taratibu alitoka akaenda koridoni, simu ikaita. Mkewe akauliza mama anaendeleaje. "Anaendelea," akajibu. Kila alipofumba macho alimwona mama nyumbani kwake, peke yake, katikati ya chumba, miguu imepanuka, na hakuna mtu wa kumsikia akianguka. Wangemruhusu atoke, na yeye Taratibu ndiye angembebea mfuko hadi kwenye gari, akijua.

Wakati huo alisikia sauti ya muuguzi mkuu upande wa pili wa korido. Alikuwa anamsema mfanya usafi. Mwanamke huyo alishika ufagio wa deki kwa mikono miwili, akieleza kwa sauti ndogo kwamba alipiga deki asubuhi na sakafu ikakauka, yeye si mtu wa kuacha maji. Muuguzi mkuu hakumwelewa. Mgonjwa ameanguka, maji yapo, sasa nani aliyeyaleta?

Taratibu alilijua jibu. Akawaendea.

"Sista, maji nimeyamwaga mimi," alisema. "Mama aliyumba kwanza. Maji yamekuja baadaye."

Akishaanza, hakuweza kuacha. Akaeleza kijiko, akaeleza kitana, akaeleza kiganja kinachotafuta ukuta, na kwamba hayo hayakuanza leo. Muuguzi mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwomba radhi mfanya usafi, kisha akaenda moja kwa moja kwa daktari.

Ruhusa ya kutoka ikafutwa. Mama alipoambiwa, hakuuliza nani amesema. Aligeukia ukutani, kisha akamwambia bibi wa jirani, "Mwambie huyo kesho asije."

Bibi alitazama dari. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Na huo ujumbe siupeleki. Mimi mgonjwa."

Kesho yake Taratibu akaja. Usiku alikuwa hakulala vizuri, maana alikwishamweleza mkewe yote, naye mkewe alilia, halafu akakasirika. Alijiandaa kukuta uso wa mkwewe umefungwa. Alikuta kando ya kitanda msichana mdogo wa umbo, viatu vya raba, ambaye wodi nzima ilimwita Dada wa Mazoezi. Daktari alikwishapima shinikizo la damu la mama akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na sasa kazi ilikuwa ya huyu.

Dada wa Mazoezi alimwomba mama asimame miguu ikiwa pamoja. Mama aliyumba. Alimwomba aweke mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kwa vidole. Hakuweza hata kuanza. Alimwomba ainuke kwenye kiti bila kusukuma kwa mikono, na jasho likamtoka mama kama aliyebeba ndoo. Alipomaliza, Dada wa Mazoezi alikaa ukingoni mwa kitanda, akazungumza nao wote wawili.

"Mapafu yakiugua, mwili wote unalipa," alisema. "Mapaja yamenyauka kwa kulala. Ukiinuka ghafla, damu inachelewa kufika kichwani. Na ule ujuzi wa mwili kujijua umesimama wapi, nao umelegea. Huu uchovu si uvivu, mama, wala si uzee umekuvamia kwa wiki mbili. Ila hauondoki siku ya kutoka hospitali. Utakwenda nao nyumbani, na utakaa wiki nyingi. Sasa tufanye kazi."

Alimfunga mama shuka kiunoni kama mkanda, akamwita Taratibu amshike.

Taratibu akatazama mikono yake, akamtazama mama, naye mama alikuwa anatazama mlango. Safari hii, alijiambia, sitasita. Akaingiza mikono chini ya makwapa ya mkwewe, akapinda magoti kama mtu anayejua kazi, akainua. Miguu ya mama ikaacha sakafu.

"Niteremshe, baba," sauti ikasema kutoka juu.

Bibi wa jirani alicheka mpaka akaomba dawa yake ya kuvuta.

"Mama mkwe habebwi," Dada wa Mazoezi alisema, naye akijizuia. "Ukimbeba unamnyima kazi. Miguu isipochukua uzito haijifunzi. Simama ubavuni, mkono mmoja nyuma kwenye mkanda, usivute. Mwache ayumbe kidogo, mwili ujirudishe wenyewe. Unamdaka pale tu unapoona harudi."

Ikawa kazi ngumu kuliko zote alizopata kufanya. Maisha yake yote alilipwa ili kitu kisiyumbe, na sasa alitakiwa atembee kando ya mtu anayeyumba, mkono uko tayari, na asifanye kitu. Kila hatua ya mama ilimpasua roho. Walikwenda mpaka mlangoni wakarudi, na aliyelowa jasho zaidi hakuwa mgonjwa.

Wakawa wanakwenda kila siku, kila siku mbele kidogo, ila siku nyingine nyuma. Kulikuwa na siku mama aliamka na nguvu, akataka kufika dirisha la mwisho, na kesho yake hakuweza kuinua kichwa kwenye mto. Siku kama hizo Taratibu aliogopa upya, akamfuata Dada wa Mazoezi koridoni, naye akamwambia ndivyo ulivyo uchovu huu, mtu akiutumia wote leo, kesho hana.

Mwisho wa korido palikuwa na benchi. Siku moja walipumzika hapo, mkono wa Taratibu bado umeshika shuka, na mama akasema bila kumtazama:

"Sikuogopa kuanguka. Niliogopa kuonekana. Mama yangu mzazi alianza kwa kushikwa mkono. Wakamkalisha kwenye kiti, eti asianguke. Hakuinuka tena kwenye kile kiti." Akavuta pumzi. "Sitaki kuwa mzigo."

"Mama, mizigo naijua," Taratibu alisema. "Sijaona mzigo unaogomba hivi."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Taratibu akataka kumwita muuguzi, akidhani kikohozi kimerudi, ndipo akaona ni kicheko. Akapata ujasiri. Akasema jambo lililokuwa limemkaba tangu siku ile: kwamba angeweza kumdaka, hatua ilikuwa moja, na akasita.

"Nilikuona," mama akasema. "Na mimi ningeweza kukuita. Nikasita."

Hawakulisema tena.

Alipotoka hospitali, alikwenda kwanza nyumbani kwa binti yake. Binti alikuwa bado ana hasira na mumewe kwa ile simu ya "anaendelea", na kwa siku mbili nzima alimwambia mama yake, "Mwambie huyo alete sabuni," na mama, mwanamke wa heshima zake, akageuka na kusema, "Baba, umesikia, sabuni." Sasa aliyekaza uso alikuwa binti, na mama akacheka mchana kutwa.

Lakini hofu haikuhama pale ngazi za hospitali zilipoisha. Taratibu aliona nyumba yake kwa macho mapya. Kizingiti cha bafuni, ambacho alikivuka kila siku bila kukijua, sasa kilikuwa adui. Zulia la sebuleni alilikunja akalisukuma chini ya kitanda. Alifunga chuma cha kushika ukutani, akakining'inia kwa uzito wake wote kuona kama kitang'oka. Akiwa kazini, akisikia kitu kizito kimeanguka ghorofa ya juu, alitoa simu akaitazama. Mara moja simu iliita wakati wako kwenye ngazi na kabati la nguo, akalegeza mkono bila kukusudia, na pembe ya kabati ikabomoa plasta ya ukuta wa mtu. Mkewe alikuwa anataka tu arudi na mkate. Bosi wake alimtazama usoni, akamwambia aende nyumbani akalale.

Mama mwenyewe alifanya mazoezi yake akishika kiti cha jikoni, mguu mmoja mbele ya mwingine, midomo imekaza. Alishona kidogo, akalala, akashona kidogo. Kola moja ilimchukua asubuhi nzima, na akiimaliza aliitazama kwa chuki. Ila hakujificha tena. Akichoka alisema, "Nimechoka," akaketi palepale alipo, hata kama ni kwenye kizingiti.

Kisha akasema anarudi kwake. Binti alilia, kaka wa mbali alipiga simu kukataza, lakini mama alikuwa amekwishafunga mfuko. Taratibu ndiye aliyempeleka. Alifunga chuma kingine bafuni kwake, akainua kitanda kidogo ili asihangaike kuinuka, akamwomba jirani wa ukuta wa pili awe anabisha hodi asubuhi na jioni. Mwishowe alikosa la kufanya, akaaga. Alisimama nje ya mlango uliofungwa, akasikiliza. Alisikia hatua. Zikakatika. Mkono wake ukawa kwenye kitasa. Kisha zikaendelea, polepole, hadi upande wa cherehani. Ndipo akaachia kitasa, akaenda kazini.

Wiki zilipita hivyo, za kuogopa simu ikiita na kuogopa isipoita. Siku moja adhuhuri yuko kwenye ngazi za watu na kioo cha kabati la vipodozi, simu ikatetema mfukoni, akamwambia mwenzake waweke chini kwanza. Ilikuwa namba ya mkwewe. Mkwewe hakuwahi kumpigia yeye.

"Sijaanguka," sauti ikasema kabla hajatamka neno. "Niko kwenye benchi nje ya duka la nyuzi. Nimekuja kwa miguu yangu. Sasa nimechoka, na miguu hainisikii. Ukimaliza kazi yako upite."

Hakungoja kumaliza. Alimwomba mwenzake, akatoka mbio, na alipokaribia duka akapunguza mwendo asionekane anahema. Alimkuta ameketi, mfuko wa nyuzi mapajani, jasho jembamba juu ya mdomo. Uvimbe wa paji ulikuwa umeacha alama ndogo tu. Taratibu akainama kumshika.

"Kaa," mama akasema. "Bado sijawa tayari."

Akaketi. Watu walipita na shughuli zao. Mama alifumba macho, akapumua kama alivyofundishwa, taratibu puani, na Taratibu alimtazama bila kugeuza uso dirishani, maana hapakuwa na dirisha, na hata lingekuwapo asingeligeukia. Baada ya muda mama aliweka viganja magotini, akainama mbele, akasimama mwenyewe. Akayumba. Taratibu akajizuia. Mama akajirudisha, kisha akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, kama mtu anayejua kilichopo, na mkwe wake akaushika.

Walipofika kona ya barabara mama alisimama kuvuta pumzi, akafungua mfuko akachungulia ndani. Akasema yule mwenye duka amempa uzi wa bluu isiyo yenyewe, sare za mwaka huu zimekolea zaidi, na kwamba kesho kutwa, akiamka na nguvu, itabidi warudi.